Nilisema Usaha Unanitia Kinyaa

Mimi ni mtu wa wivu, wala sijisifu. Mdogo wangu alipokuwa na miaka sita alianguka kutoka kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kuamia ndege wasile mpunga, akavunjika muundi karibu na goti. Mfupa uliunga vibaya. Akawa anakua na mguu mmoja unabaki nyuma, na tangu hapo nyumbani kwetu hakuna kilichotajwa ila mguu. Kichwa cha samaki apewe mwenye mguu. Kanga mpya, mwenye mguu. Mimi mwenye miguu miwili nikachote maji! Roho iliniuma, wallahi.

Nilipovunja ungo nikaingizwa ndani, nikawa mwali. Nikasema, haya, sasa zamu yangu. Miezi saba sioni jua, nasingwa, nalishwa, somo ananifunda. Baba alikuwa amenitengea magunia ya mpunga kwa ngoma ya kunitoa nje. Mavuno yakiisha nibebwe begani, watu wote wanitazame mimi, si mguu wa mtu.

Mwezi huo wa saba baba akampeleka mdogo wangu Dar es Salaam kwa daktari Mzungu wa mifupa, maana zamani hizo za Mwingereza hakukuwa na mwingine. Waliporudi, baba akakaa barazani na mama na shangazi kuwaeleza. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa udongo, sikio wazi. Mwali ana kazi gani nyingine?

"Njia ziko tatu," baba alisema. "Ya kwanza, wanaukata mfupa wa mguu mfupi, wanapitisha vyuma kwenye nyama, nje wanafunga fremu yenye parafujo. Kila siku wanaizungusha kidogo, mfupa unavutika. Miezi hospitali, halafu arudi nyumbani na vyuma vyake mpaka mfupa ugande. Zile tundu zioshwe asubuhi na jioni kwa maji ya kuchemsha. Usaha ukiingia mfupani, mguu unaweza kukatwa."

"Ya pili?"

"Wanafupisha ule mguu mzima, usiovunjika, ulingane na mfupi. Kidonda kimoja, kinafungwa, hatari ndogo, gharama ndogo."

"Ebo!" shangazi akaruka. "Umempeleka akaongezwe, wao wanataka kumpunguza?"

"Ya tatu ni kiatu chenye soli nene."

Mama hakutaka kusikia kiatu. Alitaka vyuma, mwanawe atembee sawa na wenzake. Mpunga wangu uuzwe kwa Mhindi wa Kibiti, zipatikane pesa za nauli na za chumba cha mama kukaa karibu na hospitali. Ngoma isubiri mavuno ya mwaka wa pili. Nikauma kanga nisipige kelele.

Likabaki jambo moja, nani wa kuosha. Masika mama huhamia shamba, maji ya mto yamejaa kila mahali, machafu, na mtoto mwenye tundu mguuni hawezi kukanyaga humo. Lazima abaki nyumba ya juu, kwenye ardhi kavu, na mtu.

"Dada yake yupo," mama alisema.

Kweli nilikuwepo. Bibi yetu alikuwa na donda ndugu, nikaliosha mimi masika mawili mpaka akafa. Kijiji kizima kilijua.

Baba haingii kwa mwali, akamtuma shangazi. Shangazi akainama mlangoni. "Baba yako anauliza, utaweza kumwosha mdogo wako?"

Nikajibu kwa sauti, wasikie wote. "Sitaweza. Usaha unanitia kinyaa. Zile tundu zitaoza mikononi mwangu, mguu ukatwe, lawama iwe yangu."

"Kinyaa? Wewe?"

"Mimi."

Shangazi akanitazama, akatoka. Kisha baba akasema, "Basi. Mtoto asipoteze mguu kwa kutaka kuurefusha. Kiatu." Mama akalia. Mimi nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu.

Ngoma yangu ilichezwa siku mbili. Kiatu cha mdogo wangu kilikuja wiki hiyohiyo, kizito, na masika ya kwanza tu soli ikabaki kwenye matope. Kikashonwa, kikabanduka tena. Mwisho akakitupa, akawa anachechemea peku.

Halafu kijana mmoja wa Mahege akatiwa vyuma vilevile, usaha ukaingia mfupani, akarudi na mguu mmoja. Watu wakanisifu. Yule mwali ana akili, aliona mbali! Mwingine wa Mtawanya alitiwa vyuma akarudi anatembea sawa, lakini huyo hakuna aliyemtaja, na mimi sikumtaja. Mdogo wangu mwenyewe akawa anamwambia kila mtu, "Dada ndiye aliyeniokoa mguu." Miaka na miaka. Nami napokea. Nikamwonea wivu hata kwa huo moyo wake wa kushukuru.

Binti yangu wa kwanza alipovunja ungo, mdogo wangu alikuja kuwa somo wake. Tulikaa watatu ndani, tunachagua mchele. Akaanza, "Mama yako huyu aliniokoa..."

Nikashindwa. "Sikukuokoa! Sikuwa na kinyaa chochote. Nilitaka ngoma yangu."

Hakuinua uso. Akatoa chuya, akatupa. "Najua."

"Unajua nini?"

"Nilikuwa barazani siku ile, dada, ubavuni mwa mama. Donda la bibi uliliosha wewe, na halikunuka hata siku moja. Kinyaa ulikitoa wapi?"

Binti yangu alikuwa ameacha kuchagua, ananitazama. Nikauliza, "Sasa shukrani zote hizi, miaka yote hii, za nini?"

"Nilikuwa nangoja siku utakayozikataa," akasema, akausogeza ungo wa mchele kwangu.