Salamu za Audace

Dévote hakuwa mtu wa kuona kinyaa. Miaka mingi alikuwa akipasua kuku nyuma ya mgahawa mmoja katika mtaa wa Asiatique, mikono ndani ya matumbo tangu asubuhi, na mchana akila wali wake palepale, kando ya ndoo ya manyoya. Wenzake walipomcheka, aliwajibu kwamba uchafu unaotoka kwa sabuni si uchafu wa kumnyima mtu chakula.

Kwa kazi hiyo alimlea mdogo wake Audace, wazazi wao walipofariki. Walikaa mtaa wa Buterere, katika nyumba ambayo mvua kubwa ikinyesha, maji hayabishi hodi. Audace alikua, akawa fundi wa pikipiki mtaani Kamenge, mwenye maneno matamu, akamwoa Médiatrice. Jumapili moja waligombana, na sufuria ya maharage yaliyokuwa yakichemka ikammwagikia mke shingoni na begani. Médiatrice alisema amemwagiwa. Audace, aliyekamatwa na kutiwa ndani, alisema sufuria ilianguka yenyewe. Aliyeona alikuwa jirani mmoja tu, Orpha, mama wa Kikongo aliyetokea Uvira na kuuza ndagala, yaani dagaa, huku na kwao, maana mlango ulikuwa wazi.

Dévote alimwamini mdogo wake. Kilichomkera ni korti. Kila mtu alimjua kijana aliyeozea gerezani kwa simu ya wizi, na kila mtu alimjua bwana mkubwa aliyeingia asubuhi na jioni akala kwake. Alipoambiwa kwamba jaji anaweza kukataa kumtoa Audace kwa dhamana, aliguna tu.

Wakili wao Régis, ambaye kwa kazi yake wote walimwita metre, alimweleza kwa subira. Sheria inataka mtu asubiri kesi yake akiwa nje. Jaji anakataa akiogopa kwamba mshtakiwa atatoroka, atarudia kosa, au atawatisha mashahidi. Kukataliwa si kusema ana hatia. Kwa hiyo walihitaji nyumba inayojulikana na mtu wa kumsimamia. Nyumba ikawa ya Dévote, na mtu akawa yeye. Mjomba wao Méthode, mkubwa wa ukoo, alishasema hakuna mjadala.

Kabla ya siku ya korti Dévote alimpelekea Audace chakula gerezani. Alikula akimsifu dada yake, akalamba vidole. Kisha akamwita yaya, dada mkubwa, akamwomba kitu kimoja, kidogo sana.

“Yaya, pita kwa mama Orpha, umusalimie. Umwambie ninawaza sana ile njia yake ya Uvira, na kale kabinti kake kanakotanguliaka na mizigo.”

Dévote alifurahi. Alidhani moyo wa mdogo wake umelainika, anataka kupatana na jirani. Kesho yake alimkuta Orpha akianika ndagala juu ya wavu, akamfikishia salamu neno kwa neno, tena kwa tabasamu.

Orpha aliweka ungo chini. “Amekutuma umutaje na mutoto?”

“Ndiyo. Anamukumbuka.”

“Ile siku alinikuta kwa mulango, sufuria bado iko mu mukono yake. Akaniambia, mama, watu wenye kuona sana wanapotezaka watoto mu njia.”

Alimwita binti yake aingie ndani, akaanza kuzoa ndagala zikiwa bado mbichi na kuzitia guniani, ingawa alijua zitaoza. Dévote alisimama pale akimtazama. Mate yalimjaa mdomoni, machungu. Alikuwa akiisikia tena sauti yake mwenyewe, ile ya upole, ikitoa maneno yale. Aliinama kwenye mfereji akatema, akatema tena. Nyumbani alisukutua kwa chumvi, na wali wa jioni ulimshinda.

Siku ya korti Audace aliletwa katika sare ya kijani, kichwa chini, mnyenyekevu kama mtu wa kwaya. Metre Régis alizungumza vizuri. Jaji, mama mmoja mwenye macho ya uchovu, akamgeukia Dévote, akamuuliza kama mshtakiwa akikaa kwake ataweza kumzuia asiwafikie mashahidi.

Dévote alisimama. Méthode alimvuta kitenge kwa nyuma.

“Mheshimiwa, siwezi,” alisema. “Yuko ndani na ameshawafikia. Alitumia mudomo yangu.”

Akaeleza salamu zote, kama alivyopewa, bila kuongeza. Metre Régis alikaa chini. Jaji aliandika, kisha akatamka kwamba Audace atabaki ndani. Hakusema ana hatia, hilo lingekuja na kesi. Alisema shahidi mwenye hofu hasemi kweli, na bila shahidi kesi haipo.

Audace aliinua uso akamtazama dada yake. Hakukasirika. Alimchekea kwa adabu, kama anavyomchekea mteja, na kicheko hicho kilimtia Dévote kichefuchefu kuliko salamu zenyewe. Nje Méthode alimwambia ameuza damu yake, na tangu hapo ukoo hauji kwake, hata mafuriko yalipoingia mpaka kitandani.

Orpha hakuhama. Dévote bado anapeleka chakula, lakini anakiacha mlangoni mwa gereza na kugeuka. Na kesi yenyewe? Haijasikilizwa. Mara dosiye, jalada la kesi, haijarudi, mara jaji amehamishwa, mara njoo mwezi ujao. Jambo hili nalo linamchefua. Anaona jaji alikuwa sahihi kumfungia mlango Audace, lakini kumfungia kisha kumsahau ni uvundo mwingine, na unamfika hata yule aliyeungua.

Kwa hiyo anakwenda kuuliza tarehe. Juzi alimkuta Médiatrice kwenye benchi la ukumbini, kitambaa kimezungushwa shingoni. Hawakuwa wameonana tangu ile Jumapili. Dévote hakujua akae wapi.

“Kaa, yaya,” Médiatrice alisema, akavuta mkoba wake kumwachia nafasi. “Wamesema turudi kesho, lakini mi sitoki.”

Dévote akakaa.