Tuliyoiita Malaria

Baba yetu alijiua nilipokuwa na miaka tisa. Mama alikuwa na mimba ya miezi saba ya mdogo wangu wa kiume. Watu waliokuja kutupa pole waliambiwa ni malaria. Mdogo wangu alipopata akili naye akaambiwa malaria, akakua nayo, akaiandika hata kwenye fomu za shule. Ukweli tuliujua mama na mimi tu. Hatukuwahi kukaa chini tukapatana kunyamaza. Tulinyamaza tu, siku moja baada ya nyingine, mpaka ikawa miaka.

Mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma Cibitoke. Mtu wa kelele, anaimba huku cheche zinaruka, wateja wanamkemea avae miwani. Mwaka ambao alitimiza thelathini na mmoja, umri ule ule aliofia baba, akaacha kuimba. Yeye hakujua kuhusu umri huo. Mimi nilijua, na nilikuwa nahesabu.

Mke wake alinipigia nikiwa kazini, kwenye depo ya mafuta ya kupikia huko Zone Industrielle, eneo la viwanda, ninakopokea mapipa.

"Yaya," akasema, maana ndivyo wanavyoniita mimi dada mkubwa, "halali usiku. Hali chakula. Geti la watu liko chini pale majuma matatu, hajaligusa. Nikimuuliza anasema kichwa kimechoka."

Tangu siku hiyo sikutulia. Nilikuwa naficha simu chini ya daftari la mapokezi nikisoma. Nilisoma kwamba mtoto ambaye mzazi wake alijiua anakuwa kwenye hatari kuliko wengine. Nikasoma pia kwamba wengi wao hawapatwi na kitu. Hiyo ya pili haikukaa kichwani. Nikapokea pipa moja mara mbili kwenye karatasi, nikaitwa ofisini. Nikirudi nyumbani Musaga nilikuwa naosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Nikamwendea mama.

"Mama, tumwambie."

Alikuwa anachambua ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye sinia. Hakuinua uso.

"Umuambie nini?"

"Baba alivyokufa."

"Apana. Ukimutajia hiyo kitu, unamufungulia mulango. Mutu hawezi kufuata njia hajaonyeshwa."

Hofu yake ndiyo iliyokuwa hofu yangu. Kama ugonjwa uko ndani ya damu, labda kuutaja ndiko kuuamsha. Nilikuwa na miaka arobaini na bado nafikiri hivyo.

Alhamisi moja mchana nilimpigia mdogo wangu mara sita, hakupokea. Mke wake alikuwa sokoni. Mafuta ya magari yalikuwa yameadimika tena, mabasi yamepangwa kwenye foleni ya kituo hayaendi popote. Nikaomba ruhusa, nikaenda kwa miguu. Sikumbuki niliowapita. Nakumbuka kwamba kwenye daraja la mto Ntahangwa kamba ya kiatu ilikatika, nikavua vyote viwili, nikaendelea pekupeku hadi Cibitoke, na mwanamke mmoja muuza nyanya akaniuliza kama nimefiwa.

Alikuwepo. Amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa ndani ya atelie, karakana yake, simu iko mezani inawaka. Nilitaka kumgombeza, nikashindwa. Nikakaa sakafuni mbele yake.

"Unafikiria kujiua?"

Neno hilo sikuwahi kulitamka kwa mtu. Nilidhani litaangusha paa. Yeye akaniangalia kama mtu aliyetuliwa mzigo nusu.

"Kila siku, yaya. Na sijui juu ya nini. Mke wangu ni muzuri, kazi iko. Mi mwenyewe sielewi."

Siku hiyo sikurudi Musaga. Mke wake na mimi tulipokezana kukaa naye, na ufunguo wa atelie tukampa jirani. Asubuhi tukampeleka kwa daktari wa magonjwa ya akili, mwanamke wa makamo anayesema polepole. Mama naye alikuja, kitenge kimefungwa vizuri kama anaenda kanisani. Daktari aliuliza kuhusu usingizi, chakula, pombe. Kisha akauliza:

"Baba yenu alikufa na nini?"

"Malaria," akasema mdogo wangu.

Mama akaangalia mikono yake. Nikasikia sauti yangu: "Si malaria. Baba alijiua. Na baba mdogo wake baba pia, walisema alizama ziwani, lakini alijiua."

Mdogo wangu akasimama. Akatoka nje. Mke wake akamfuata mbio. Tulibaki watatu, na mimi nilikuwa na hakika nimemuua. Dirishani nilimwona akizunguka gari la watu, mara moja, mara mbili, mke wake nyuma yake. Kisha akarudi, macho mekundu, akaketi.

"Miaka yote hiyo," akamwambia mama. Halafu, kwa sauti nyingine kabisa: "Kumbe si mi peke yangu. Mi nilifikiri niko mubaya."

Akamgeukia daktari. "Basi nimeirithi."

"Ugonjwa huu wa sonona haurithiwi kama shamba," daktari akasema, "kwamba baba akifa lazima likufikie. Jeni zinazohusika ni nyingi, kila moja inasukuma kidogo tu. Umezaliwa na uzito fulani. Wengi wanazaliwa nao, wanazeeka."

Akaeleza pia kwamba maisha yenyewe yanagusa jeni. Kuna alama ndogo zinazokaa juu yake, zinazoiambia hii ifanye kazi, ile inyamaze. Njaa, vita, kufiwa na mzazi utotoni, vyote vinaweza kubadilisha alama hizo, na nyingine zinaweza kubadilika tena. "Kwa binadamu bado tunajifunza," akasema. "Mtu akikwambia ana kipimo cha damu cha jambo hili, usimpe pesa yako."

Mama ndiye aliyeuliza, kwa Kirundi kwanza, kisha akarudia kwa Kiswahili ili sote tusikie: "Mi nililia mimba yake miezi yote miwili ya mwisho. Ni mi nilimuwekea hiyo alama?"

Daktari alisogeza kiti karibu naye. "Mama, hakuna mtu anaweza kuangalia ndani ya huyu akasema hii ilitoka kwa machozi yako. Ulifiwa, ukalia. Si kosa. Huyu anaumwa, na ana dawa."

Mama akalia hapo hapo, kilio cha mtu aliyechelewa miaka thelathini na mmoja. Daktari akamwacha alie. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe, dada? Unalala?"

Nilisema ndiyo. Akasubiri. Nikasema hapana.

Haikunyooka. Dawa ya kwanza ilimfanya mdogo wangu atetemeke mikono, fundi hawezi kuchomelea hivyo, ikabidi ibadilishwe. Kwa miezi miwili hakumsemesha mama. Alikwenda kwake siku ya Noeli, akala, akaondoka bila maneno mengi, na mama akasema hiyo inatosha. Mimi nami naenda kwa daktari yule yule mara moja kwa mwezi. Hofu yangu, kumbe, nayo ina jina na matibabu. Bado naamka na kuanza kuhesabu, ila sasa nafahamu kwamba ninahesabu.

Mwaka huu mke wake amepata mimba. Mdogo wangu alikuja Musaga kunipa habari, tukakaa nje ya mlango.

"Yaya, mutoto atakuja nayo?"

"Sijui," nikamwambia. Kisha nikaanza kusema mambo mengi, jeni, alama, niliyosoma na niliyosikia, mpaka akainua mkono.

"Nyamaza kidogo. Tutamuuliza daktari."

Wiki iliyofuata walikwenda wawili tu, yeye na mke wake. Mimi hawakuniita.