Duka la Utambi, Likiwa Limefungwa

Nianze kwa kusahihisha jambo moja. Si kweli kwamba kila jengo kongwe la Iringa lilijengwa na Mjerumani. Watu huandika hivyo kwenye simu zao chini ya picha yoyote yenye ukuta mnene na bati lililoota kutu, na wengine wakaamini. Maduka mengi ya Uhindini, kule Iringa na huku Mbeya ninakoishi, yalijengwa na wafanyabiashara wa Kihindi na wa Kiarabu, kwa mikono ya mafundi wa kwetu na wa pwani, baada ya Mjerumani kuondoka. Nimetumikia ofisi ya ardhi katika miji hii miwili maisha yangu yote ya kazi. Nina haki ya kukasirika ninapoona kumbukumbu zinavurugwa na watu ambao hawajawahi hata kusimama upande wa pili wa barabara wakalitazama jengo.

Nilipostaafu, wenzangu walinipa kamera siku ya kuniaga. Niliiweka kabatini hadi asubuhi moja ya baridi nilipokwenda Uhindini, Mbeya, kulitazama duka moja lenye kibaraza cha nguzo za mbao, nikakuta kifusi. Mlinzi alikuwa amechuchumaa katikati yake akiota moto. Alikuwa anachoma fremu za madirisha.

"Nani ameruhusu?" nilimwuliza.

"Mzee," alinijibu bila kugeuka, "baridi haisubiri kibali."

Kuanzia hapo nilianza kupiga picha kila sehemu ya mbele ya duka la zamani iliyosalia, kwa utaratibu niliofundishwa ofisini: simama mkabala, jengo lionekane zima, mtu asiwemo kwenye picha. Mtu hupita, mkuu wangu wa kwanza alizoea kutuambia, jengo ndilo linalobaki. Nilimwamini. Nyuma ya kila picha niliandika jengo ni lipi na lilikuwa katika hali gani. Nilipoimaliza Mbeya nikapanda basi kwenda Iringa. Kuanzia Nyololo hadi Mafinga tulifuata malori ya mbao, mbichi, bado zinanukia utomvu, na nikawa najiambia kwamba nchi yenye mbao nyingi kiasi hiki haina sababu ya kuzitupa zile za zamani.

Mimi ni mtoto wa mtaa wa Mlandege, hapo Iringa. Jengo nililolitaka kuliko yote lilikuwa chini kidogo ya soko, nasi watoto tuliliita duka la utambi. Nilitumwa pale mara nyingi kununua utambi wa jiko la mafuta ya taa, kioo cha chemli, au sindano ya kuzibulia jiko la pampu. Mwenye biashara alikuwa Mwislamu ambaye wazee wake walitoka pwani. Alipofariki, mjane wake akaendelea na duka peke yake, akilala chumba cha nyuma. Halikuwa na mlango kama maduka mengine. Lilifungwa kwa mbao ndefu zilizosimamishwa mojamoja ndani ya mfereji wa kizingiti, na kila ubao ulichongwa namba yake kwa patasi, ili usiingie mahali pa mwenzake. Asubuhi zilitolewa kwa mpangilio, jioni zikarudishwa kwa mpangilio. Sijaona tena duka la namna hiyo katika mji wowote wa Nyanda za Juu.

Nilimkuta yule mjane ameketi kizingitini. "Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba, bwana ardhi." Alinikumbuka. "Umestaafu, au umetumwa?"

"Nimestaafu. Napiga picha za majengo ya zamani, yasije yakapotea bila kumbukumbu."

"Basi ngoja nibadili mtandio. Mimi nami ni la zamani, na bati langu linavuja."

Nilicheka, lakini nilikuwa na utaratibu wangu. Nilimwomba radhi, nikamwambia kwamba picha ya jengo haiwekwi mtu. Tena, kwa kuwa fahari ya duka lile ilikuwa zile mbao, nilimwomba tuzirudishe zote kwa dakika chache ili namba zionekane kamili.

"Unataka duka au unataka kaburi?" aliniuliza. Hata hivyo aliinuka. Tulizirudisha pamoja, yeye akizitaja namba kwa mdomo bila kuzitazama. Tulipokuwa tunasimamisha ubao wa mwisho, akaja mama mmoja na jiko mkononi.

"Leo pamefungwa?"

"Pamefungwa kwa amri ya serikali iliyostaafu," Bi mkubwa alisema. "Zunguka kidogo, mama, utarudi."

Kisha yeye mwenyewe alisogea pembeni hadi kwenye kona ya jirani. Nikapiga. Ilikuwa picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga: mwanga wa asubuhi umelala juu ya mbao, kila namba inasomeka. Niliipeleka studio ikasafishwa, nikamwachia Bi mkubwa nakala moja. Nyuma yake, kwa mwandiko wangu, niliandika: *Duka la utambi, likiwa limefungwa.*

Miezi kadhaa baadaye Bi mkubwa alinipigia kwa simu ya kuazima. Mwenye nyumba wa zamani alikuwa amekufa, na mwanawe aliyerithi alikuwa amepata mtu wa kujenga naye ghorofa. Alimtaka mama yule aondoke kabla ya wiki kwisha. Yeye hakuomba kubaki. Aliomba muda tu, mvua zipungue, apate pa kuweka vioo vyake visivunjike na pa kulaza kichwa. Hakuwa na mkataba, maana mume wake alipatana na marehemu kwa mdomo, kama watu walivyopatana wakati ule. Leseni ilikuwa na jina la mumewe. Alikuwa amepeleka malalamiko kwenye baraza la kata, na siku ya kuitwa ilikuwa imepangwa.

"Lakini usiwe na wasiwasi, bwana ardhi," alisema. "Ile picha yako itasema."

Nilipanda basi siku iliyofuata.

Mrithi alikuwa mtu mzima mwenye adabu na shati lililopigwa pasi. "Kamwene, mzee," alinisalimu kwa Kihehe, akanipisha nafasi kwenye benchi. Kisha akasimama mbele ya wajumbe akasema uongo, taratibu, bila kupandisha sauti. Alisema biashara ilikoma tangu mume alipofariki. Alisema chumba cha mbele hakijafunguliwa kwa muda mrefu, na kwamba huyu mama alikuwa akilala nyuma kwa huruma ya familia. "Na mtu uliyemweka kwa huruma," alimalizia, "hapewi notisi. Anashukuru, anaondoka."

Jirani aliyefungua duka lake ukuta kwa ukuta na lile aliulizwa. Alijibu kwamba yeye hutazama mali yake tu. Baadaye nilijua kwamba naye amepanga kwa mrithi huyohuyo.

Ndipo Bi mkubwa alipofungua pindo la kanga akatoa picha. Aliikabidhi kwa mikono miwili.

Mwenyekiti aliitazama, akaigeuza, akasoma, akaigeuza tena. Akampa mrithi.

"Nani kapiga?" aliuliza mrithi.

"Mimi," nilisema, nikasimama.

"Saa ngapi, mzee wangu?"

"Saa nne asubuhi."

"Siku ya kazi?"

"Siku ya kazi."

Akaielekeza picha kwa wajumbe. "Saa nne asubuhi, siku ya kazi. Mbao zote zimefungwa. Mtu hayupo. Na nyuma ameandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri kabisa. Mzee ametusaidia."

Nilieleza. Nilieleza tangu mwanzo, kwa mpangilio: kwamba mimi ndiye niliyemwomba afunge, kwamba mimi ndiye niliyemwomba asogee, kwamba kulikuwa na mteja na jiko lake. Mjumbe mmoja alishindwa kujizuia, akacheka. "Yaani ulimfungisha mfanyabiashara duka ili umpigie duka lake picha?"

"Ndio utaratibu," nilisema, na nilisikia jinsi neno hilo lilivyotoka.

"Mzee, tunakuheshimu," alisema mwenyekiti. "Lakini tulichonacho mezani ni hiki."

Baraza liliandika kwamba usuluhishi umeshindikana na kwamba mwenye malalamiko anaweza kwenda mbele zaidi. Mimi naijua njia hiyo ya kwenda mbele zaidi. Nimeikalia upande wa pili wa meza. Huwa ndefu kuliko mvua. Tulipotoka nje nilianza kusema. Aliinua kiganja.

"Wewe ulitaka mbao, baba," alisema. "Mbao zimeonekana."

Vitu vyake vilitolewa nje wiki hiyohiyo, chini ya manyunyu. Vioo vingi vilivunjika. Alikwenda Mbeya, kwa mdogo wake anayeishi Mwanjelwa.

Nilipopita Iringa tena, ukuta ulikuwa umelala na nguzo za ghorofa zimeanza kusimama. Mafundi walikuwa wakimwaga zege, nao walikuwa wamelizuia kwa mbao zilizopigiliwa misumari ovyo. Nilisogea. Chini ya saruji iliyochuruzika niliziona namba: kumi, kisha tatu, kisha nane iliyogeuzwa miguu juu. Fundi aliniuliza kama natoka halmashauri.

"Sitoki popote," nilimjibu.

Kamera ilikuwa shingoni. Sikuifungua.

Ilinichukua muda kwenda Mwanjelwa, ingawa kutoka kwangu si mbali. Nilimkuta kwenye ngazi ya nyumba ya mdogo wake, beseni mbele yake, ndani yake tambi za jiko zilizokunjwa na vioo vichache vilivyosalimika, vimefungwa kwa magazeti. Amekonda. Mguu mmoja umevimba. Aliniambia siku nyingine hauzi hata kimoja, maana mjini watu wamehamia gesi. Tulikaa. Alizungumza habari za mvua. Mwishowe nilimwomba nimpige picha.

"Safari hii nikae, au nipishe?"

"Kaa, Bi mkubwa."

Alirekebisha mtandio. Nyuma yake ulikuwa ukuta wa tofali za kuchoma usiopigwa lipu, ukuta ambao katika kazi yangu nisingeupotezea picha. Nilikuwa nimeshainua kamera pale mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni aliposimama kuuliza bei ya utambi, kisha akaona kamera, akaanza kurudi nyuma.

"Usiondoke, mama," Bi mkubwa alimwambia, akamshika upindo wa kitenge. "Simama hapa hapa uonekane. Bwana huyu ana tabia ya kuandika pamefungwa."