Gololi Kumi na Moja za Gobore la Baba Mkwe

Mwaka ule nguruwe pori walipofukua nusu ya mihogo yetu kule Mkotokuyana, baba mkwe wangu aliwafyatulia gobore lake mara mbili. Mara ya kwanza hakupata kitu. Ya pili alimjeruhi dume mmoja, naye akakimbilia kwa jirani yetu, mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Kanda ya Ziwa, akamchana ndama paja. Jirani hakugomba. Alimshona ndama wake, akaja kutupa taarifa kwa upole, na upole ule ndio uliomuumiza mzee. Alilifungia gobore kwenye sanduku la chuma, akasema macho yake yamekwisha.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, mzaliwa wa Bukoba, niliyeletwa Nachingwea na barua ya ajira na kubakishwa na ndoa. Mume wangu anaendesha malori, hivyo shamba lilikuwa letu sisi wawili, mimi na mzee. Niliamua kuomba leseni kwa jina langu. Ilichukua miezi: barua ya kijiji, alama za vidole, maswali. Polisi mmoja aliniuliza kwa nini asiombe mume wangu. Nikamjibu kwamba mume yuko safarini na nguruwe wako shambani.

Leseni ilipotoka, mzee alilitoa gobore pamoja na kopo la gololi, zile risasi za duara alizozimimina mwenyewe miaka iliyopita. Akanionyesha kupima baruti, kuifunga gololi kwa kitambaa na kuishindilia mpaka chini ya mtutu. Tuliegemeza ubao kwenye kichuguu, nikapiga hatua hamsini, nikafyatua mara tatu. Gololi moja tu iligusa ukingo wa ubao.

Nilichukua nyingine kwenye kopo, nikaikata katikati kwa msumeno wa chuma. Ndani ilikuwa na tundu, kama jino lililooza.

"Baba yangu aliangusha nyati kwa gololi za kopo hili," mzee alisema.

"Yeye alimimina zake, Baba. Hizi ulimimina wewe."

Nilijutia maneno yale papo hapo. Mzee aliishika nusu ya gololi, akalipapasa tundu lake kwa kidole, kisha akanisukumia kopo zima. "Basi yeyusha zote. Tuanze upya."

Lakini risasi yenyewe, yaani madini yake, haikufaa. Alikuwa amechanganya mabaki ya betri na vyuma vya kubalansi magurudumu, nayo ikawa ngumu kuliko gobore linavyotaka, ukucha haukuacha alama. Jumamosi nilikwenda Ruangwa, nikazunguka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu mpaka nikapata ganda la waya wa zamani wa simu, risasi laini inayokunjika kwa mkono. Tuliiyeyusha nje, upepo ukiwa mgongoni. Gololi za mwanzo zilitoka na makunyanzi kwa sababu kalibu ya kuzimiminia ilikuwa bado ya baridi. Tulizirudisha chunguni. Mpaka alasiri tulikuwa na arobaini.

Mzee alidhani kazi imekwisha. Mimi nilizibiringisha moja moja juu ya kioo cha dirisha, nikatenga zile zilizoyumba. Zikabaki ishirini na tatu. "Unachambua risasi kama mchele," alisema. Sikubisha, kwa kuwa ndivyo nilivyokuwa nikifanya.

Tundu la ndani halionekani kwa jicho, ila mzani hulijua. Nilirudi Ruangwa kwa mnunuzi wa dhahabu. Alipoona nilichobeba alikataa kunihudumia, nami nikamwekea leseni mezani na kumweleza habari ya mihogo. Akanipimia zote, huku wachimbaji wawili wakingoja zamu yao. Karibu nusu zilikaribiana uzito. Zilizopungua niliziweka kando. Nilirudi nyumbani na kumi na moja.

Kwenye ubao nilitumia tatu. Zote ziliingia, na matundu yake yangefunikwa na kiganja changu.

Asubuhi ya kwanza ya kulinda, dume alitokea kwenye mihogo, karibu kabisa. Nyuma yake ng'ombe wa jirani walikuwa wanapita. Nilishusha mtutu. Nilimsikia mzee, aliyekaa pembeni yangu, akishusha pumzi. Asubuhi ya nne alirudi, na nyuma yake palikuwa na kichuguu kitupu. Nilifyatua mara moja. Alianguka palepale.

Kwetu nguruwe haliwi. Jirani alikuja na mkokoteni wa punda kumchukua, akamshukuru mzee, na mzee akaninyooshea kidole mimi. Wakaanza kuzungumza habari za ndama, ambaye alikuwa anatembea vizuri.

Baada ya wiki tatu kundi jingine lilifukua upande wa bondeni. Siku hiyo niliporudi kutoka shuleni nilimkuta mzee amekwisha kuwasha moto nje, kalibu akiipasha joto kwanza, na kioo cha dirisha amekifuta vumbi.