Mshipa wa Utosini

Dada yangu alikuwa na siku kumi na mbili tangu ajifungue, kichwa kilipoanza kumuuma. Alikuwa ameolewa karibu na Nyakoe. Miaka hiyo ya sitini, hata sisi tuliokwenda kanisani kila Sabato, kichwa kikitushinda tulikwenda kwa omobari, yule mzee aliyefungua ngozi ya kichwa na kukwangua fuvu kwa kisu kidogo kilichopinda. Niliwajua watu waliopona mikononi mwake. Walikuwa na kibonde kichwani, na walilima kama wengine.

Mzee alimlaza dada juu ya jani bichi la mgomba, akamnyoa.

"Tata," dada alimwambia, akimwita baba kwa lugha yetu, "ukikuta akili humo ndani, usimwambie mume wangu. Anaamini sina."

"Nitazifunika kwa mafuta ya kondoo. Hataziona."

Walicheka wote wawili. Kisha mzee akamuuliza kama aligongwa au alianguka.

"Nilizaa tu," dada akasema.

"Nionyeshe panapouma."

Dada akaweka kidole juu ya paji la uso, katikati, akakivuta kupitia utosini hadi kisogoni. Mzee aliacha kutabasamu. Aliupapasa mstari ule kwa dole gumba, polepole, mara tatu. Kisha akakirudisha kisu kwenye ala yake ya ngozi kabla hakijakata chochote.

"Pembeni napita," alisema. "Hapa katikati sipiti. Mpelekeni hospitali."

Nilikuwa kijana wa miaka kumi na minane, na nilikuwa nimeahidi nyumbani kwamba dada atarudi mzima. Nilimwambia mzee, "Unaogopa kama omoisia." Omoisia ni mvulana asiyetahiriwa. Kwetu, mzee haambiwi neno hilo hata kwa mzaha. Dada ndiye aliyesema, "Wewe, nyamaza. Mtu akikwambia hawezi, mshukuru."

Mwili ulianza kumtetemeka njiani, na akafa kabla hatujafika Kisii. Nilimchukia mzee yule kwa miaka minane. Nilisema kila mahali kwamba alimwacha dada yangu afe kwa sababu ya woga.

Halafu, nikiwa na elimu yangu ya darasa la sita, nilipata kazi ya kuosha sakafu katika chumba cha maiti cha hospitali moja. Asubuhi moja daktari alikuwa akiwafundisha wanafunzi wake juu ya mwili wa mama aliyefariki siku chache baada ya kujifungua. Alikuwa ameumwa na kichwa. Nilisikia hivyo nikasimama na ndoo yangu.

Fuvu lilikuwa limefunguliwa. Chini yake kulikuwa na utando mgumu, na ndani ya utando huo, katikati kabisa, ulipita mshipa mmoja mpana kutoka mbele hadi kisogoni. Mishipa midogo iliuingia kutoka kulia na kushoto, kama ile mistari ya jani la mgomba inayokutana kwenye uti wake. Daktari alisema damu ikishamaliza kazi katika ubongo hukusanyika humo, ikafika kisogoni, ikageuka kuelekea nyuma ya sikio, ikashuka shingoni na kurudi moyoni. Mshipa wenyewe haupigi wala hausukumi. Damu inapita tu, usiku na mchana, na mwenye kichwa hajui.

Alipoupasua, ndani mlikuwa na damu nyeusi iliyoganda, ngumu kama ini.

Sikuwahi kumwuliza daktari kitu, lakini siku ile niliuliza. "Na mtu akiukata huo mshipa kwa kisu, kijijini?"

"Hataweza kuizuia damu," alisema.

Sijui kama hicho ndicho kilichomuua dada yangu. Hakuna aliyemfungua, na sitasema nisichokijua. Lakini nilijua mzee alikuwa amekataa kukata wapi.

Jumapili nilikwenda kwake. Macho yalikuwa yamefifia na kisu alikuwa amekiacha. Nilimwambia mimi ni nani, na neno nililomwita.

"Nalikumbuka," alisema.

"Tata, nimeuona huo mshipa. Ulijuaje?"

"Baba yangu alipita hapo mara moja. Mimi ndiye niliyekishika kile kichwa. Damu haikusimama." Alinigeukia. "Mimi mwenyewe sijauona. Nimeukwepa maisha yangu yote. Ukoje?"

Nilimweleza upana wake na njia yake. Alisikiliza akiwa amefumba mdomo, kama mtu anayesikia habari za ndugu wa mbali. Kisha akavua kofia, akainamisha kichwa.

"Nionyeshe."

Niliweka kidole juu ya paji lake nikaogopa kubonyeza.

"Bonyeza, omoisia," alisema, na mabega yake yakatikisika kwa kicheko.

Nikakivuta kidole taratibu, kupitia utosini hadi kisogoni, pale pale dada alipovuta chake.