Muuaji wa Dada

Kibuyu cha maziwa kikifukizwa, ule moshi ukinifikia tu, namwonea dada wivu upya.

Nesi jirani yetu, aliyehamishiwa huku kutoka mbali, alikuwa na mfululizo mzima wa riwaya za mpelelezi mmoja, na alimwazimisha dada peke yake. Dada alisomea juu ya gunia la mahindi, akiguna, akijipiga paja. Mimi nilifukiza vibuyu huku nikimtazama yeye kuliko moto.

"Yesu wangu! Kumbe ni yeye!"

"Nani, dada?"

"Maliza vibuyu kwanza."

Nikamaliza. Nikachota maji, ingawa zamu ilikuwa yake. Nikasugua hata sufuria ya ugali.

"Haya, mtumwa wangu. Muuaji ni mpishi."

Kitabu kilipofika mikononi mwangu, mpishi alikuwa ameuawa ukurasa wa kwanza. Dada alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye gunia.

Siku hizi mfululizo wote, niliojinunulia mwenyewe, uko kabatini kwangu, na mimi si mtu wa kutoka nyumbani. Nasoma, nagundua muuaji, najipiga paja kama yeye. Paja linauma tu; ile raha yake siipati.