Tatu Isiyozidi

Wenzake chuoni walimwita Bi Harusi, kwa sababu alianza masomo ya ualimu juma lile lile alipoolewa, na jina likamganda hata baada ya kujifungua. Asubuhi ile alikuwa na dua moja tu moyoni: apate tatu. Asipate mbili, na Mungu amwepushe na nne.

Mkufunzi wa upimaji ndiye aliyebuni balaa hilo. Walimwita Bwana Vigezo, maana hata chai hakuimeza kabla ya kuipa alama za rangi, sukari na joto. Safari hii alitaka kujua wanachuo wanajiamini kiasi gani wanapotumia jedwali la vigezo, lile la kutoa alama moja hadi nne. Kila mmoja angesimama mbele ya jopo asahihishe insha ya mtoto kwa jedwali lake, na jopo limpime yeye kwa jedwali lao: sauti, macho, mkono ulioshika kalamu. Alama za insha yenyewe hazikumhusu mtu. Jamaa aliyetangulia aliishika karatasi kichwa chini miguu juu, akanguruma alama mpaka madirisha yakatikisika. Akapewa nne.

Lakini nne ilikuwa mtego. Waliopata moja au mbili walirudia muhula, na wa nne walibaki bwenini muhula huo huo ili wawatie moyo. Wa tatu tu ndio waliokwenda kufundisha shule za karibu na kwao. Kwa Bi Harusi, tatu ilikuwa kulala nyumbani na mwanawe. Mara ya mwisho alipokwenda nyumbani, mtoto alimtazama kama anavyotazama wageni, kisha akajificha kwenye shingo ya bibi yake.

Kwa hiyo alikuwa amejizoeza mbele ya kioo: sauti imara, halafu kikohozi, macho juu, halafu chini kidogo. Nje, kwenye benchi la koridoni, mama mkwe wake alikuwa amempakata mtoto, tayari kuondoka na mama na mwana.

"Anza, binti," akasema mkuu wa chuo, mama mpole aliyekaa upande wa pili wa meza.

Bi Harusi akaanza kusoma. Mtoto wa watu alikuwa ameandika: *Baba yangu anakoroma mpaka jirani anagonga ukuta. Jirani naye anakoroma ila baba hagongi kwa sababu amelala.*

Akacheka. Kikohozi akakisahau, kioo akakisahau.

"Wazo, nne," akasema. "Mpangilio, tatu. Nukta kaziweka zinapotakiwa. Huyu mtoto ana masikio, mwalimu. Asikatishwe tamaa."

Bwana Vigezo akaandika mbio mbio. "Sauti, nne. Macho, nne. Mkono, nne!"

Bi Harusi akaruka. "Hapana, mwalimu! Mimi sijiamini hata kidogo."

"Umeona anavyobisha?" Bwana Vigezo akamgeukia mkuu, uso unang'aa. "Tena bila kupepesa!"

"Mimi mwoga! Muulizeni yeyote. Naogopa hata kuku!"

"Anatetea hoja kwa mifano," akasema Bwana Vigezo, kalamu mbio.

"Mwanangu," mkuu akamwambia kwa huruma, "ukizidi kujieleza, tutakosa namba ya kukupa."

Bi Harusi akanyamaza. Bwana Vigezo akaandika kwamba ametulia.

Hapo mlango ukasukumwa. "Samahanini, wakubwa," akasema mama mkwe. "Huyu kasikia sauti ya mama yake, hashikiki."

Kweli, mtoto alikuwa amejipinda kama samaki, mikono yote miwili kaielekeza kwa Bi Harusi. Safari hii hakujificha. Bi Harusi akampokea, naye akamng'ang'ania kola. Alipotaka kushukuru, neno likamkatikia midomoni, machozi yakaidondokea insha.

Bwana Vigezo akasimama. "Rudia hilo neno!"

"A... asante."

"Sauti inatetemeka," akatangaza kwa masikitiko makubwa, akafuta. "Tatu. Macho yamelowa, tatu. Mkono umeshika mtoto badala ya kalamu... tatu. Pole sana, binti. Ulikuwa umeanza vizuri."

Koridoni mama mkwe akamshika bega. "Unalia nini? Wamekuangusha?"

"Wamenishusha, mama."

"Basi jifute, twende zetu."

Wakapita katikati ya wanachuo waliobaki kwenye foleni, ambao walikuwa wamechungulia mlangoni na kuona yote. Mmoja wao akamgusa mkono. "Dada, tuazime mtoto kidogo tu."

"Huyu haazimwi," akasema Bi Harusi, akamkumbatia vizuri, akatoka.